Niliambiwa Niende Tu

Ndugu zangu wa Kamachumu,

Nimerudi mzima. Nimekonda kidogo, na nyufa za visigino vyangu bado zina vumbi jeusi la Ruanda ambalo sabuni imeshindwa kulitoa. Barua zenu tatu zimenifika, na zote zinauliza jambo moja: je, Zakaria, ulisikia kweli sauti ya Mungu, au ulitaka tu kuona milima ya moto? Nitawajibu, lakini sitaweza kwa mstari mmoja. Vuteni viti. Mambo niliyoyaona yamenijaa hadi kooni, na tangu nirudi siwezi kushika randa dakika kumi bila kuiweka chini nikaanza kumsimulia mteja.

Kabla ya gari

Wale mnaonijua kanisani mnajua sala zangu. Huwa naanza kuomba wakati wengine wanafunga macho, namaliza wakati wengine wameshaanza kusinzia. Siku moja Mama Eseza, anayeongoza kikundi chetu cha maombi hapa Bukoba, aliningoja mlangoni akaniambia, "Zakaria, mwanangu, unamwambia Mungu mengi sana. Yeye akujibu saa ngapi?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikajaribu alichonishauri: kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, nikae juu ya mbao zangu nimefunga mdomo, nisiombe kitu, nisikilize tu. Asubuhi ya kwanza nilihesabu misumari ukutani. Ya pili nililala. Ya tatu niliwaza kabati la mwalimu fulani tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini asubuhi ya sita, nikiwa sina habari, likaja jina la dada yangu Agnes, kama mtu anayeingia nyumbani bila kupiga hodi.

Agnes ni mdogo wangu, tumbo moja. Miaka tisa iliyopita aliolewa na Salimu, fundi cherehani Mwislamu aliyekuwa amekuja kununua vitambaa hapa mjini, wakaenda kuishi kwao Gisenyi, kule Ruanda, kwenye ziwa Kivu. Mimi sikuikubali ndoa ile na sikwenda hata kuwaaga. Yeye aliendelea kuniandikia barua, ambazo nyingi sikuzifungua. Kisha, miaka minne iliyopita, akaacha.

Basi jina lake likaja, na baada ya jina likaja neno moja: Nenda. Halikuja sikioni, bali ndani kabisa, tena kwa upole hivi kwamba ningekuwa naongea lingenipita. Niliruka kutoka juu ya mbao nikakimbia hadi kwa Mama Eseza nikiwa na mguu mmoja bila kiatu.

"Mungu ameniambia niende Gisenyi nikamrudishe Agnes nyumbani," nikamwambia.

"Amekuambia yote hayo?"

"Yote."

"Haya," akasema, "nenda." Akaingia ndani kunifungia senene, panzi wetu wa kukaanga, wa njiani.

Bukoba hadi Kabale

Hadi Masaka nilikaa kwenye lori, juu ya magunia ya kahawa, na kutoka hapo nikapanda basi lililopita Mbarara. Njia nzima nilikuwa naandika hotuba. Ndiyo, hotuba, kurasa nne, ya kumsomea Agnes. Ilikuwa na utangulizi. Ilikuwa na mistari ya Maandiko kumi na miwili. Kila basi liliposimama watu washuke wanunue ndizi, mimi nilibaki naandika, kwa sababu lilipokuwa linatembea herufi zilikuwa zinaruka.

Kabale ni baridi, ndugu zangu. Watu huko wanavaa makoti mchana na hakuna anayewashangaa. Nilikunywa uji wa mtama uliochachuka kidogo, vikombe vitatu, nikaona dunia imekuwa nzuri tena. Sokoni niliambiwa ningoje hadi asubuhi ya pili yake, kwa sababu gari la Kisoro lingeondoka wakati huo. Lakini palikuwa na lori la bluu limesimama, injini inanguruma, na kiti cha mbele kiko wazi. Mara nikasikia ndani yangu: Panda hili.

Nikapanda. Nilikuwa nimeanza kujiona mtaalamu wa kusikia. Nilimweleza dereva kuhusu Gisenyi, naye akawa anaitikia kwa kichwa, nikafurahi tunavyoelewana. Baada ya saa mbili tukasimama msituni, kwenye kambi ya wapasua mbao. Dereva hakuwa anajua Kiswahili hata neno moja. Alikuwa ananiitikia kwa adabu tu.

Nilikaa pale hadi mchana wa kesho yake nikisubiri lijae mbao lirudi Kabale, na gari la Kisoro likaniacha. Nilipata wasaa wa kujiuliza ile sauti ya Panda hili ilikuwa ya nani. Kwa unyofu, ilikuwa ya makalio yangu, yaliyochoka magunia na yaliyoona kiti kizuri.

Kabale hadi Kisoro

Lori lililonipeleka Kisoro siku tatu baadaye lilijaa watu waliosema lugha zao za milimani. Kihaya changu hakikufika popote, na Kiswahili walikijua wachache, tena cha kuuliza bei tu. Mimi, Zakaria, nilinyamaza tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Haijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Saa ya kwanza niliumia. Saa ya pili nikaanza kuona vitu. Barabara inapanda ikijikunja mlimani hadi unaona nyuma ya lori lako mwenyewe, au karibu hivyo. Mianzi imesimama pande zote. Mwanamke aliyekaa jirani yangu alikuwa anaimba kwa sauti ndogo kila tulipofika kwenye kona mbaya, na anakoma tukishaivuka, nikajua bila kuambiwa kwamba anaogopa. Nikampa senene. Alitazama ndani ya kifurushi, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa.

Kisha tukafika mahali juu kabisa, ukungu ukafunguka, na milima ya moto ikasimama mbele yetu kwa safu, kila mmoja peke yake, vilele vimeingia mawinguni. Dereva alizima injini maji ya rejeta yapoe. Watu wote walinyamaza, hata kuku. Nilitaka kusema kitu, nikatafuta wa kumwambia, sikupata. Kwa hiyo nikamwambia Mungu kimoyomoyo, "Nimeona." Sikuongeza neno. Ilikuwa sala yangu fupi kuliko zote, na mpaka leo naikumbuka kuliko zile ndefu.

Kisoro hadi Kanzenze

Baada ya mpaka, kutoka Ruhengeri kwenda Gisenyi, nilipanda lori la mfanyabiashara wa Goma. Hapo ndipo nilipokutana na Konsolata. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuza samaki wa Gisenyi, anarudi nyumbani na vikapu vitupu baada ya kuuza samaki wakavu Ruhengeri. Kiswahili alikijua, kile cha kwao cha upande wa Kongo, na mimi baada ya ukimya ule ningeweza kumkumbatia.

"We unatoka wapi?"

"Bukoba, Tanganyika."

"Kule mbali. Na bibi yako iko wapi?"

Nilishangaa anamjulia wapi bibi yangu, lakini nikajibu kwa adabu. "Bibi yangu alikufa zamani, mimi nikiwa mtoto mdogo. Alikuwa mzee sana, hana hata jino moja."

Konsolata aligeuka akawaambia abiria maneno mengi ya Kinyarwanda. Wote wakanitazama kwa huruma, mama mmoja akanipa hindi la kuchoma, mwingine akasogea nikae vizuri. Nikasema moyoni, watu wa nchi hii wanaheshimu wazee kweli. Tulikwenda nusu saa hivyo, hadi aliponiuliza kama tulizaa watoto, mimi na bibi. Ndipo tukagundua kwamba kwao bibi maana yake ni mke.

"Yewe," akasema, ameshika kichwa, "mi nimesha ambia watu yote kama ulioa muzee asiye na meno, na we ungali mutoto."

Ikabidi awaeleze upya. Walicheka hadi dereva akasimamisha gari kuuliza kuna nini. Lile hindi hawakulidai.

Karibu na Kanzenze springi ya nyuma ilikatika. Mvua ikaanza kunyesha kubwa, ya kule, inayoshuka kutoka kwenye milima ya moto kama imetumwa. Konsolata alikuwa na shangazi yake hapo, mkulima, nyumba yake hatua chache kutoka barabarani. Akanichukua. Tukakaa jikoni karibu na moto, shangazi akachemsha viazi na maharage, Konsolata akamsaidia kumenya, na mimi, nikiwa nimeshiba furaha ya kupata masikio, nikawasimulia kwa nini nimesafiri.

"Mungu alisema na we?" Konsolata akauliza. Hakuwa anadhihaki. Yeye mwenyewe ni Mkristo, anasali kanisa moja karibu na ufuko.

"Ndiyo. Alisema niende Gisenyi nikamrudishe dada yangu nyumbani."

"Sema vile vile yeye alisema. Usiongeze."

Nikafungua mdomo, nikarudi kwa akili kule karakana, juu ya zile mbao. "Alisema: Nenda."

"Na kisha?"

"Basi."

"Bon. Donc, basi, alisema nenda. Ile ya kumurudisha, nani alisema?"

Nilicheka, lakini kicheko kilikuwa kimoja tu, hakikupata mwenzake. Naye akaendelea kumenya viazi, akauliza tena, "Dada yako, juu ya nini aliacha kuandika?"

Ndugu zangu, jambo hili sikuwahi kuwaambia. Hata Mama Eseza sikumwambia. Barua ya mwisho ya Agnes ilisema mtoto wake wa kwanza amekufa kwa homa, akiwa na miaka mitatu. Na mimi nilimjibu. Nilimwandikia kwamba Mungu amemchukua mtoto kwa sababu ya ndoa yake, na kwamba asipotubu atachukua na wengine.

Nilimwambia Konsolata hayo kwa Kiswahili rahisi ili aelewe, na Kiswahili rahisi hakina mahali pa kujificha. Nilisikia kila neno linavyotoka. Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa. Konsolata aliacha kumenya. Hakunikemea. Akauliza tu, kwa sauti ya chini, "Mutoto alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui," nikasema. "Sikuuliza."

Hapo ndipo. Mkitaka kujua saa na mahali niliposikia sauti ya Mungu mara ya pili, ilikuwa jikoni Kanzenze, kwenye moshi, nikiwa na kiazi mkononi. Swali lile lilitoka kinywani mwa muuza samaki, lakini halikuwa lake peke yake. Liliingia na kukaa pale pale lilipokaa lile neno la kwanza, nikaijua sauti, kama unavyomjua mtu kwa hatua zake uani. Nililia mbele ya wanawake wawili niliowajua kwa siku moja. Shangazi, asiyejua Kiswahili, aliniongezea maharage.

Asubuhi shangazi aliuliza kwa ishara kama zile karatasi zangu nne za hotuba zina kazi. Nikatikisa kichwa. Akawashia moto wa chai.

Kanzenze hadi Gisenyi, kwa miguu

Springi haikuwa imepatikana, tukaamua kutembea. Konsolata alinifundisha njiani kuamkia kwa Kinyarwanda, na kila niliyemwamkia alinirekebisha kwa furaha. Mashamba ya maharage yalikuwa yanatoa mvuke baada ya mvua. Tulipopita Rugerero, barabara ikageuka, na ziwa likatokea chini yetu lote kwa mara moja, na mji umelala kando yake. Nilianza kutembea haraka, kisha karibu kukimbia. Nilikuwa na hofu, nakiri, lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha ambayo sikujua inatoka wapi, maana sikuwa na neno hata moja la kusema nikifika.

"Fundi Salimu namujua," Konsolata alikuwa ameniambia. "Alishona kanzu ya komunyo ya binti yangu. Muzuri sana. Iko Mbugangari." Akanifikisha hadi kona ya mtaa, akajitwisha vikapu vyake, akashuka kwenda ziwani.

Mbugangari

Salimu alikuwa barazani anashona, futi ya kitambaa imening'inia shingoni. Aliponitambua alisimama. Babu yake alitoka Ujiji, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Shemeji," akasema. "Karibu. Ngoja nimwambie Agnes kwanza, asije akashtuka."

Akaingia. Nilisikia sauti zao nyuma ya pazia. Alirudi peke yake.

"Anasema hawezi kukuona. Lakini kaa, unywe chai. Mimi sikufukuzi."

Nikakaa kwenye mkeka. Ndugu zangu, pazia lile lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na nilijua yuko nyuma yake. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kuanza kueleza. Niliuma midomo. Wateja walikuja wakapimwa wakaenda. Chai ilikuja ikaisha. Kila nilipotaka kusema, nilirudi kwenye lile neno, na lilikuwa lile lile: Nenda. Nilikuwa nimekwenda. Nimefika. Sikuwa nimepewa jingine ila lile swali.

Adhana ya adhuhuri ikalia, Salimu akafunika cherehani akaenda msikitini. Hapo pazia likasogea. Agnes alitoka na sahani ya wali na samaki, akaiweka mbele yangu, akabaki amesimama. Alikuwa mnene kidogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Kula," akasema. "Kisha useme ulichokuja kusema, uende."

"Nimekuja kuuliza," nikasema. "Mtoto wenu aliitwa nani?"

Aligeukia pazia. Nilidhani ataingia ndani. Kisha akasema, "Mariamu."

"Kama mama yetu."

"Kama mama. Salimu alisema ni jina la dini zote mbili, halitamsumbua mtu humu ndani."

Akakaa upande wa pili wa mkeka. Na akaanza kusimulia. Mariamu alichelewa kutembea, kisha akaanza kukimbia siku hiyo hiyo. Alikuwa halali mpaka asikie cherehani. Aliwaogopa mabata lakini aliwafuata. Agnes alisimulia mpaka Salimu akarudi, akatuona, akavuta kigoda akaongeza ya kwake. Samaki akapoa. Adhana ya alasiri ikalia, na mimi nilikuwa sijasema ila "Eeh" na "Kisha?"

Ndipo nikamwambia, "Barua ile ilikuwa dhambi yangu. Mungu hakuniambia niiandike. Nisamehe, Agnes."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwaka huu mzima nimekuwa nikimwomba Mungu akulete," akasema. "Halafu nikaomba tena akufunge mdomo. Sikuamini angeweza yote mawili."

Akacheka, na akiwa anacheka akalia, na Salimu akaenda kutazama kitu barabarani ambacho hakikuwapo.

Nilikaa siku tisa. Senene wangu waliisha siku ya kwanza: Agnes alikula kama mtu aliyerudishiwa utoto wake, na Salimu alijaribu watatu, akasema wanafanana na kamba wadogo, akaomba wa nne. Tulikwenda wote kwenye kaburi la Mariamu. Salimu aliinua mikono akaomba dua, mimi na Agnes tukasimama kimya.

Niligundua pia kwamba dada yangu niliyekuja kumwokoa huenda ufukweni kila asubuhi kuomba, kabla wanunuzi wa samaki hawajajaa, na mumewe humwangalizia mtoto wao Halima, wa miaka mitatu, hadi arudi. Nilimfuata asubuhi moja, nikamuuliza anajuaje kama ni Mungu au ni mawazo yake.

"Bado nakosea," akasema. "Lakini yale ya kwangu yana haraka, na mwisho wake mimi huwa ndiye mwenye haki. Ya kwake ni mafupi. Nikiyaacha mpaka kesho, nayakuta."

Nimesikiliza mahubiri mengi, nikahubiri machache. Hayo yamenitosha.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka nilifunga mzigo wangu, nikatoka, nikamkuta Agnes barazani na kikapu, Halima amevalishwa gauni jipya.

"Tunakuja na wewe," akasema. "Si kurudi. Kutembea. Nataka kuona nyumbani, kisha nitarudi huku kwangu."

Nilimtazama Salimu.

"Amenishonesha magauni manne kwa siku tatu," Salimu akasema. "Mimi nimejua kabla yako, shemeji."

Sikuwa nimemwomba. Sikuwa nimemgusia hata kwa neno moja, nawaapia. Kutoka Gisenyi hadi Masaka aliongea yeye, na kule juu kwenye ile milima nilimwonyesha tu kwa kidole, naye akanyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Atakuwa hapa mpaka mwisho wa mwezi. Mkitaka kumwona, njooni Jumamosi, mje na ndizi. Sasa hivi yuko jikoni na Mama Eseza, wanasimuliana tangu asubuhi, na mimi sijapewa nafasi ya kuingiza neno, kwa hiyo nimekuja uani kuwaandikia ninyi. Halima amelala juu ya mapaja yangu. Ndiyo maana mwandiko umepinda.

Ndugu yenu,
Zakaria